Silaha ya kutembea nayo: Kilimanjaro tangu mkuki wa Mamba hadi bastola ya leseni

Mei 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann aliingia Kilema, Kilimanjaro, akiwa na mwavuli mkononi. Hakuwa na bunduki wala upanga, ingawa njia ya kutoka Mombasa kupitia nyika ya Taita ilikuwa njia ambayo misafara ya pwani haikuthubutu kuipita bila silaha. Mwaka uliofuata alirudi, na kule Machame, kwa mtawala wake, Mangi Mamkinga, akanyang'anywa karibu kila alichokuwa nacho.

Wenyeji wake wasingetoka hivyo. Mwanamume wa mlimani alipovuka mpaka wa kihamba chake, shamba lake la migomba, alibeba mkuki, na sime ikining'inia kiunoni. Chuma kilitoka Ugweno, kaskazini ya Upare, kwa wahunzi wa ukoo wa Washana, kikapanda mlimani kubadilishwa kwa mifugo. Mamba ndiko kulikosifika kwa uhunzi. Mikuki ya bapa refu, iliyofuata mtindo wa Wamasai, ilifuliwa humo na kuuzwa mlima mzima. Mnunuzi alimjua mhunzi, na mhunzi alimjua mnunuzi, urefu wa mkono wake na kazi anayoitakia silaha ile. Nalisema hili mapema kwa sababu huo ndio wakati ambapo mtu wa Kilimanjaro alichagua silaha iliyotengenezwa kwa ajili yake. Bunduki ilipokuja, ilikuja kama masazo ya wengine.

Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili bunduki zao. Zile za kushindilia kwa mdomo ziliachwa, zikaja za viasi, zinazopakiwa nyuma. Bunduki za zamani zilijaa maghalani, zikauzwa kwa bei ya chini, na nyingi zilishushwa Zanzibar. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kutoka Pangani, Tanga na Mombasa misafara ilizipandisha hadi Taveta na mlimani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Hilo la pili lisifichwe. Wamangi walipigana ili kuteka, wakateka ili kununua baruti ya kupigania tena.

Gobori, bunduki hiyo ya kushindilia, inataka subira. Unamimina baruti mtutuni, unaweka kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena. Kama ni ya gumegume, unatia baruti kidogo kwenye kibia, unavuta mtambo, halafu unaomba cheche ishike. Mtu akose, aanze upya, na adui yuko hatua kumi kwenye migomba. Sasa weka hayo yote Machi hadi Mei, mvua za masika zinamwagika na ukungu umeshuka hadi vihambani. Baruti ikilowa, mwenye gobori amebaki na rungu zito. Sioni ajabu kwamba mkuki haukuachwa. Aliyekuwa na bunduki alibeba na mkuki wake pia, na ni haki yake.

Waliojua zaidi thamani ya bunduki nzuri ni Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na jirani na hasimu wake, Mangi Sina wa Kibosho. Rindi aliuona mchezo wa mataifa mapema. Mwaka 1885 Jenerali Lloyd Mathews alikuja kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na wiki chache baadaye akaja Karl Jühlke kwa niaba ya Wajerumani. Rindi aliwasikiliza wote wawili. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika Berlin wakiwa na mtafiti Otto Ehlers, wakarudi na zawadi za Kaisari. Sina hakuwa na haja na Berlin. Alijenga boma la mawe na kujilimbikizia bunduki, hadi Februari 1891 Mjerumani Hermann von Wissmann alipomshambulia kwa mizinga, akisaidiwa na watu wa Rindi. Boma likaanguka.

Rindi akafariki mwaka huohuo, na mwanawe Meli akarithi. Tarehe 10 Juni 1892 wapiganaji wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani hapo Moshi, na kamanda wake, von Bülow, akapigwa risasi na kufa. Wajerumani hawakukubali kwamba vijana wa migombani wameweza hayo wenyewe. Waliwatuhumu wamishonari Waingereza wa CMS, waliokuwa Moshi tangu 1885, kuwa ndio waliompa Meli silaha. Kwa tuhuma hiyo misheni ilifungwa na Waingereza wakahamia Taveta. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Leipzig. Msomaji anayepita Machame, Mamba au Old Moshi siku ya Jumapili na kusikia kengele za makanisa ya KKKT ajue kuwa sehemu ya sababu ni ugomvi huo wa bunduki.

Agosti 1893 gavana von Schele alimshinda Meli. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Meli Old Moshi pamoja na viongozi wengine, akiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha.

Wakati huo Ulaya ilikwisha kuamua Mwafrika atembee na nini. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliojinasibu kupiga vita biashara ya utumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini hadi 22 kusini. Kilichoruhusiwa, na kwa masharti, ni gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu na baruti ya kawaida. Biashara ya utumwa ilistahili kukomeshwa. Lakini mkataba huohuo uliwaachia maofisa na walowezi rivolva kiunoni na bunduki za viasi begani. Hapa ndipo bastola ilipopata sura yake mlimani: alama ya bwana.

Hata askari Waafrika waliolitumikia jeshi la Wajerumani walipewa masazo. Vita ilipoanza 1914, wengi wao walibeba Mauser ya mwaka 1871, inayofyatua risasi moja na kutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali ulipolala. Walipata nafuu Aprili 1915, shehena ya silaha ya meli Rubens ilipookolewa Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakauteka mji wa Moshi, na chini ya Mwingereza mwananchi wa kawaida aliyepata kibali alipata, mara nyingi, kibali cha gobori.

Baada ya uhuru masazo yalibadilika jina. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kisha vita vya majirani zetu, vilizisambaza bunduki za SMG mikononi mwa majambazi wa ukanda huu wote. Agosti 7, 2013, mfanyabiashara wa tanzanite Erasto Msuya aliuawa kwa risasi za SMG wilayani Hai, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA. Mwenye duka la madini au kampuni ya utalii akitaka bastola baada ya habari kama hiyo, hofu yake naielewa.

Huko Marekani wapo wanaomiliki bastola kadhaa, ndogo ya kuvalia shati jepesi, kubwa ya kuvalia koti, wakizibadili kama viatu. Kwetu leseni hutaja silaha hiyohiyo kwa namba yake, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji apitie mamlaka za serikali na polisi. Maombi huanzia chini, mtaani au kijijini, kwa watu wanaomjua mwombaji: akilewa huwaje, mkewe anaishije naye, ana kesi ya mpaka wa shamba na nani. Wapo wanaolalamika kuwa mlolongo ni mrefu. Mimi ningeurefusha hapo chini, maana mjumbe wa nyumba kumi anaona mengi ambayo faili la wilaya halitayaona kamwe.

Tofauti nyingine huonekana mwenye silaha akifa. Ukoo ukikaa baada ya matanga kugawa mali, kihamba chenye nyumba ya wazazi humwendea kitinda mimba, na mkuki wa babu hupata mtoto wa kuushika. Bastola haigawiwi. Inapelekwa polisi, na mtoto anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe kwenye ofisi ya mtaa. Serikali inapotangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, familia zilizokaa na bunduki ya marehemu bila kujua pa kuipeleka zina nafasi ya kuikabidhi bila kushitakiwa.