Hoodia: Mmea wa Wawindaji Uliogombewa na Makampuni

Hoodia gordonii ni mmea wa nchi kame za Afrika Kusini, Namibia na Botswana. Kwa mbali hudhaniwa mpungate, kumbe hauna undugu nao. Shina lake nene limejaa miiba kuanzia chini hadi juu, na maua yake mapana, yenye rangi ya nyama, hunuka mzoga; harufu hiyo huwavuta nzi wanaosambaza chavua.

Wasan, wenyeji wa tangu kale wa Kalahari, waliufahamu kwa kazi yake. Mwindaji aliyefuata nyayo za mnyama mbali na makazi alikata kipande cha shina, akakwangua miiba, akatafuna sehemu ya ndani iliyo chungu, na njaa ikatulia. Aliutumia kuvumilia uhaba wa chakula. Kupunguza unene hakukuwa haja yake.

Mwaka 1963 baraza la utafiti wa kisayansi la Afrika Kusini, CSIR, liliuingiza katika uchunguzi wa mimea pori inayoliwa, na wanyama wa maabara waliopewa dondoo zake wakapungua uzito. Katika miaka ya 1990 baraza hilo lilichukua hataza ya viambato vyake, vilivyopewa jina P57. Mwaka 1997 leseni ilikwenda kwa Phytopharm ya Uingereza, ambayo mwaka uliofuata iliingia ubia na Pfizer. Katika yote hayo Wasan hawakuulizwa neno. Habari zilipofichuka mwaka 2001, mkuu wa Phytopharm alijitetea kwamba alidhani watu hao wamekwishatoweka. Utetezi huo ni wa kusikitisha mno: Wasan wapatao 100,000 walikuwa hai kusini mwa Afrika.

Machi 2003, baada ya madai yaliyosimamiwa na mawakili wao, Wasan walitia saini mkataba na CSIR: asilimia 8 ya malipo ya kila hatua ya utafiti na asilimia 6 ya mrabaha. Mwaka huohuo Pfizer ikajitoa. Unilever iliingia mwaka 2004, ikaachana na mradi mwaka 2008. Katika jaribio lake la siku 15 kwa wanawake 49 wenye uzito uliozidi, lililochapishwa mwaka 2011, dondoo hazikupunguza ulaji wala uzito kuliko dawa bandia. Zilileta kichefuchefu na kupandisha shinikizo la damu.

Kwa kuwa P57 haikufika sokoni, mrabaha haukupatikana. Wasan waliambulia sehemu yao ndogo ya malipo ya awali.