Kuku, Bandari na Kibao cha Jikoni

Leo twende Kuze, Mji wa Kale, Mombasa.

Ni siku ya Ijumaa. Mama amerudi na kuku aliyechinjwa. Amemnyonyoa, amemkata vipande juu ya kibao. Kisha, kwa kisu kilekile na kibao kilekile, anakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku ataingia motoni. Kachumbari haiingii. Usiku, mtoto anatapika na kuharisha. Kila mmoja anauliza: amekula nini?

Ili tupate jibu, turudi nyuma kidogo katika historia.

Mwaka 1926 kuku walikufa kwa wingi katika kisiwa cha Java, Indonesia, na pia karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Ugonjwa huo ukapewa jina la mji huo. Sisi twauita kideri. Mwaka 1935 uligunduliwa hapa kwetu, karibu na Mombasa, kisha ukaenea bara. Mji wa bandari ndivyo ulivyo. Hupokea mali, hupokea wageni, na maradhi nayo hayaombi ruhusa ya kushuka.

Kideri humaliza banda zima la kuku, lakini mtu humgusa kidogo tu. Mwaka 1943 mtaalamu wa Australia, Macfarlane Burnet, alieleza habari za mfanyakazi wa maabara aliyepata virusi hivyo jichoni. Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, kisha hupona. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ugonjwa wa kuku ni wa kuku peke yake.

Mwaka 1997 dhana hiyo ilivunjika. Huko Hong Kong watu 18 waliambukizwa mafua ya ndege ya aina ya H5N1, na 6 kati yao wakafariki. Serikali iliamuru kuku wote wauawe, zaidi ya milioni moja. Februari 2006 ugonjwa ulifika Nigeria, na mwaka huohuo mtoto mmoja akaugua Djibouti. Hapa Kenya haukuthibitishwa wakati ule, lakini hofu ilitangulia. Wengi waliacha kula kuku, na wafugaji wakapata hasara kubwa. Januari 2017 mafua ya ndege ya aina nyingine yalipoua ndege Uganda, kando ya Ziwa Victoria, Kenya ilipiga marufuku kuku kutoka huko.

Sasa tazama jambo hili, mpenzi msikilizaji. Tuliogopa ugonjwa wa mbali, lakini kibao cha jikoni hatukukiogopa. Katika matumbo ya kuku mzima, asiye na dalili yoyote, huweza kuishi bakteria wa salmonela na kampilobakta. Hao ndio huharisha watu wengi zaidi. Salmonela hao ni jamaa wa kijidudu cha homa ya matumbo, lakini kile cha homa ya matumbo hutoka kwa binadamu. Hawa wengine hutoka kwa wanyama na ndege.

Basi tufanye nini? Usimwache kuku, bali badili mazoea. Katakata kachumbari kwanza, kuku baadaye. Au uwe na vibao viwili. Usioshe nyama ya kuku chini ya mfereji unaorusha maji, kwani matone hurukia vyombo. Osha mikono kwa sabuni kila umshikapo kuku au yai. Mpike hadi maji yake yasiwe na wekundu hata karibu na mfupa. Mayai nayo yaive. Chakula kilichobaki kisilale nje.

Ukiona kuku wanakufa ghafla, usiwachinje upate nafuu ya bei, wala usiwauze. Mwite afisa wa mifugo. Na mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS mapema. Akiwa na damu kwenye choo, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali. Mtoto mdogo hukaukiwa maji kwa muda wa saa chache tu.

Bandari hatuwezi kuifunga. Kibao twaweza kukiosha.