Kicheko na Ubatizo: Futuhi ya Shakespeare Mikononi mwa Watafsiri wa Injili

Historia ya Shakespeare katika Kiswahili aghalabu husimuliwa kama sura ya historia ya siasa: Rais wa nchi changa anatafsiri tamthilia mbili ili kuthibitisha kwamba lugha ya Kiafrika yaweza kubeba fasihi yoyote ile. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha jambo kubwa pembeni. Edward Steere na Julius Kambarage Nyerere, walioifikisha futuhi ya Kiingereza kwa wasomaji wa Kiswahili, ndio hao hao waliotafsiri Injili. Mmoja alikuwa Mwanglikana, mwingine Mkatoliki, na kati ya kazi zao ilipita karne nzima. Hata hivyo wote wawili waliuchagua mchezo mmoja, nao ni mchezo ambao Mkristo hawezi kuucheka kwa moyo mweupe.

Steere alifika Unguja mwaka 1864 akifuatana na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Mnamo 1867 mtambo wa chapa wa misheni ulitoa kitabu chake kidogo, Hadithi za Kiingereza, chenye visa vinne vilivyotolewa katika masimulizi ya Charles na Mary Lamb, ambayo yalichapwa London mwaka 1807 kwa ajili ya watoto. Miaka miwili baadaye ikatoka tafsiri yake ya Injili ya Mathayo. Kisa cha mfanyabiashara wa Venice alikiita Kuwia na Kuwiwa, yaani kudai na kudaiwa. Jina hilo ni zuri kuliko lile la asili, kwa maana linautaja uhusiano wenyewe badala ya mtu mmoja. Tena lilikuwa jina la kutisha kwa mahali pale na wakati ule. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Wengi wa wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Watoto hao walipoambiwa juu ya tajiri anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mtu kwa mujibu wa hati halali, hawakuhitaji ufafanuzi wa mwalimu.

Kicheko, lakini, kilikuwa kimepungua mno. Akina Lamb walikuwa wamekwisha kumwondoa Launcelot, yule mtumishi mcheshi wa Shylock, na pamoja naye mizaha yote ya dini iliyomo katika mchezo. Kilichobaki ni kisa cha hukumu na werevu wa mwanamke. Futuhi iliingia Kiswahili ikiwa imefungwa mdomo, jambo lisiloshangaza katika kitabu cha shule ya misheni.

Mdomo huo ulifunguliwa mwaka 1969, Nyerere alipotoa tafsiri ya mchezo mzima, Mabepari wa Venisi. Alikuwa amekwisha kutafsiri tanzia ya Julius Caesar mwaka 1963. Mwaka uleule wa 1969 S. S. Mushi alitoa Tufani, hivyo hakuwa peke yake. Ila Mushi hakugusa mchezo wenye donda kama huu. Wahakiki wengi wamelisoma neno mabepari kama mwangwi wa Azimio la Arusha la 1967, na hawakukosea. Neno bepari lilitoka India pamoja na wachuuzi wa Kigujarati, likawa na maana ya mfanyabiashara tu, kabla ya siasa ya Ujamaa kulitia uchungu. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kiambishi chake. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, Mkristo. Nyerere aliandika ma-. Kwa silabi hiyo moja Antonio, rafiki zake na Shylock wanawekwa katika ngeli moja, na lawama ambayo watazamaji wa kale walimtwika Myahudi peke yake inagawanywa sawasawa kati yake na waliobatizwa.

Je, hiyo ni siasa au ni imani? Yumkini ni zote mbili. Toleo la tamthilia za Shakespeare la 1623 liliuweka mchezo huu katika kundi la futuhi, na furaha ya mwisho wake imesimama juu ya tendo la kikatili: Shylock, baada ya kushindwa mahakamani, analazimishwa kuwa Mkristo, na sharti hilo linatolewa na Antonio kana kwamba ni fadhili. Nyerere mwenyewe alibatizwa mwaka 1943 huko Nyegina, akiwa kijana wa miaka 21, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki, baada ya kufundishwa na kuamua. Mtu aliyeujia ubatizo kwa hiari ya utu uzima hakosi kuuona ubatizo wa Shylock kuwa ni kichekesho kilichoharibika. Shakespeare naye aliuona ufa huo, kwa kuwa kabla ya hukumu alimpa Launcelot mzaha kwamba, Wayahudi wakizidi kusilimishwa Ukristo, bei ya nguruwe itapanda. Hapo anayechekwa ni mbatizaji. Lamb aliuondoa mzaha huo. Tafsiri ya 1969 iliurudisha palepale.

Katika uzee wake Nyerere aligeukia Injili. Tenzi za Biblia, yaani Injili nne na Matendo ya Mitume, zilichapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Uchaguzi wa bahari ni wa kustaajabisha. Shakespeare alimwachia shairi lake lisilo na vina, mtindo mgeni kwa sikio la Mswahili. Habari za Yesu alizivika utenzi wa mizani nane, vazi ambalo washairi Waislamu wa pwani walikuwa wamelishona tangu angalau Utenzi wa Tambuka wa 1728. Mgeni wa Stratford alibaki mgeni mheshimiwa. Injili ikafanywa mwenyeji.

Tofauti hii haionekani sana Dar es Salaam. Huonekana zaidi Kiswahili kinapokuwa mbali na pwani, kwa mfano Kibati, kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru chini ya mlima Nyiragongo. Huko Kivu, Kiswahili cha kuandikwa kimeingia nyumbani hasa kwa mlango wa kanisa, ilhali shule ya sekondari imefundishwa kwa Kifaransa. Tenzi za Nyerere zingepokewa huko bila tabu. Msomaji wa Kivu husema muntu na mutoto mahali pa mtu na mtoto. Lakini kwa kuwa m ya mtu ni silabi kamili, mizani nane hubaki nane, na utenzi haulemai hata ukighaniwa kwa matamshi ya nyumbani.

Mabepari wa Venisi lingekuwa jambo lingine. Bepari si neno la soko la Goma. Mwenye kuuza na kununua huko ni mucuruzi, wala hana doa lolote la Ujamaa. Hapo ma- ya Nyerere ingepoteza nusu ya ukali wake. Lakini kile Steere alichokiita kuwia na kuwiwa kingeeleweka papo hapo, kwani mkopo wa siri wenye riba nzito una jina lake maarufu nchini Kongo, Banque Lambert, na mwenye kuutoa huwa jirani, mara nyingi Mkristo wa parokia ileile ya mdaiwa. Kikundi cha vijana wa kanisa ambacho kingejaribu kuuigiza mchezo huu kingefika Tendo la Nne na kukuta kwamba mkopeshaji na mkopaji wote wawili wameketi katika mabenchi ya watazamaji, na kwamba hukumu inayoleta kicheko inatamkwa kwa jina la sakramenti waliyoipokea wote. Kisha Shylock anaondoka akisema hajisikii vizuri, na kinachofuata ni tendo zima la mizaha ya pete na mbalamwezi. Nyerere alilitafsiri lote.