Mwana wa Mfalme na Kivuli Chake

Miongoni mwa hekaya za makasri zilizopata kusimuliwa kwa njia ya mchezo wa kompyuta, ni chache zilizojengwa kwa nyenzo haba na kwa mkono wa mtu mmoja kama ile iliyotoka Marekani mwaka 1989 kwa jina la Prince of Persia. Mtungaji wake, Jordan Mechner, mzaliwa wa New York, alikuwa amekwisha kujipatia sifa mwaka 1984 kwa mchezo wa Karateka, alioutunga angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Na alipohitimu alihamia California, akapewa nafasi katika ofisi za Broderbund, wachapishaji wa michezo, tegemeo lake likiwa si mshahara bali fungu la mauzo. Kisa alitunga yeye, watu alichora yeye, amri za mashine aliandika yeye. Muziki tu ndio aliomwachia baba yake, Francis.

Kisa chenyewe ni kifupi. Sultani yu vitani nchi ya mbali, na waziri wake, Jaffar, ametwaa mamlaka. Kilichobaki kati yake na kiti cha enzi ni binti Sultani, ambaye anapewa saa moja ya kuchagua ndoa au mauti. Shisha ya mchanga inapinduliwa, na kijana anayependwa na binti huyo, aliyetupwa gerezani chini ya kasri bila silaha, ana dakika 60 za kupita ngazi 12 za mitego hadi kumfikia.

Hapa sina budi kumtetea marehemu mwenye jina hilo. Jaafar bin Yahya wa ukoo wa Barmaki, waziri wa Harun Rashid, aliuawa kwa amri ya bwana wake mwaka 803, na wasomaji wa Alfu Lela Ulela katika pwani yetu wanamjua kuwa mwandani wa khalifa katika matembezi yake ya usiku mjini Baghdad. Katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 jina lake alivikwa mchawi khaini, na Mechner, aliyevutiwa na filamu hiyo, alirithi dhuluma pamoja na mapambo.

Lakini fahari ya mchezo huu ilikuwa katika mwendo. Mwaka 1985 Mechner alimvalisha ndugu yake mdogo, David, nguo nyeupe, akampiga picha za video akikimbia, akiruka, akining'inia na kujipandisha. Kisha akausimamisha mkanda picha baada ya picha, akakipiga picha kioo cha televisheni kwa kamera, akafuatisha mipaka ya mwili kwa kalamu, akaitia kompyutani. Mapigano ya upanga aliyachota katika filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, pale Errol Flynn na Basil Rathbone wanapoonekana ubavuni kwa sekunde chache. Ndipo akapatikana shujaa mwenye uzito, ambaye akikimbia hasimami mara moja, na akianguka kutoka juu sana hufa.

Mwendo huo ulikula kumbukumbu yote ya Apple II, mashine iliyotoka mwaka 1977, hata pasibaki mahali pa adui. Na rafiki mmoja alipozidi kumshikilia kwamba kasri pasipo mapigano halina ladha, Mechner hakuwa na jibu ila kwamba nafasi imekwisha. Hatimaye akazitwaa picha zile zile za mwana wa mfalme, akaiamuru mashine izisogeze kwa nukta moja na kuzipambanisha zenyewe kwa zenyewe, likatokea umbo jeupe linalometameta, lisilogharimu picha hata moja. Walinzi wa kasri walikuja baadaye, baada ya kubanabana.

Kwa maoni yangu umbo hilo ndilo lililoufanya mchezo kuwa hekaya. Kijana anakuta kioo kimemzibia njia, analazimika kukirukia na kukivunja, na upande wa pili kivuli chake kinatoka mbio na kumwacha na pumzi moja ya uhai. Tangu hapo kivuli kinamnywea dawa yake, kinamfungia lango. Mwishoni wanakabiliana kwa panga, na kila jeraha analotia linamrudia mwenyewe, mpaka atakapofahamu kwamba auni yake ni kurudisha upanga alani na kukiendea. Hapo wanakuwa mmoja, naye anapita juu ya pengo na sakafu inajiunda chini ya nyayo zake. Hakuna neno linalosemwa.

Mauzo yalianza vibaya, kwa kuwa Apple II ilikuwa inaaga soko. Mchezo ulihamishiwa mashine za IBM mwaka 1990, ukapendwa Japani na Ulaya, na hatimaye nakala zake zikapita milioni mbili. Disketi zenye amri za asili zilidhaniwa zimepotea, hadi baba yake Mechner alipozikuta nyumbani. Na mwaka 2012, baada ya mafundi wa mashine kongwe kufaulu kuzisoma, mwenyewe akazitoa hadharani bure.