Uso wa Mwanasesere wa Kitambaa: Historia Fupi ya Kichwa, Sura na Maneno Yake

Utangulizi

Vitabu vyetu vya historia vina mengi kuhusu bandari, misafara, tawala na mikataba, lakini ni nadra kukutana humo na kitu alichokishika mtoto mkononi wakati mambo hayo yakitendeka. Makala haya yanahusu kitu kimoja cha namna hiyo: mwanasesere wa kitambaa, na hasa kichwa na uso wake. Kiwiliwili cha mwanasesere chaweza kushonwa na mtu yeyote anayejua kushika sindano. Kichwa ndicho kinachomsumbua fundi, na uso ndio unaotuonyesha fundi huyo alimwona mtoto kuwa nani. Tutajaribu kuonyesha kwamba uso wa mwanasesere haukuwa pambo tu katika historia, bali ulikuwa kauli ya mtu mzima kumwambia mtoto. Kwa kuwa jarida hili ni la walimu na wanafunzi wa lugha, tutamalizia na maneno yenyewe.

Tatizo la kichwa

Mwanasesere wa kitambaa ni wa kale. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, amehifadhiwa mmoja aliyetoka Behnesa nchini Misri, mji uliojulikana zamani kwa jina la Oxyrhynchus. Ni wa enzi ya utawala wa Warumi, baina ya karne ya 1 na ya 5. Ameshonwa kwa kitani, akajazwa matambara na vipande vya mafunjo, na kimo chake hakifiki sentimita 20. Vitu vya mbao, mfupa na udongo hudumu, lakini nguo huoza. Ni ukavu wa ardhi ya Misri uliomhifadhi huyu, na bila shaka wenzake wasiohesabika wameoza mahali pengine pote.

Kwa nini kichwa ni kigumu? Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za mtande na mshindio ni kitu bapa. Hukubali kukunjwa upande mmoja, lakini hakikubali kuviringika pande zote kama yai bila kufanya mikunjo. Fundi anayekata miduara miwili na kuishona pamoja hupata mkate, hapati kichwa. Akikata vipande vinne hupata tufe, lakini mshono mmoja utapita katikati ya paji la uso, pua na kidevu. Kwa hiyo mafundi wa nchi mbalimbali waliziendea njia tatu. Wengine walitumia kitambaa kinachovutika, kama cha soksi au fulana, wakakivuta juu ya kidonge kigumu cha matambara na kuificha mikunjo yote kisogoni chini ya nywele. Wengine walichonga uso kwa uzi: sindano huingizwa kisogoni, hutokea penye jicho, hurudishwa nyuma, kisha uzi hukazwa mpaka shimo la jicho lionekane na pua ijitokeze. Na wengine walilowesha kitambaa kwa gundi na kukigandamiza katika kalibu mpaka kikawa kigumu kama ngozi kavu. Njia hii ya tatu ndiyo iliyompeleka mwanasesere wa kitambaa kiwandani.

Rhode Island na nchi ya merikani

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulitazama jimbo la Rhode Island, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko Pawtucket ndiko Samuel Slater alikoanzisha, mwaka 1790, usokotaji wa pamba kwa mashine zilizoendeshwa na nguvu za maji, na katika miaka iliyofuata eneo zima la New England likajaa viwanda vya nguo. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa kutoka New England kilimiminika Zanzibar, kikasafiri bara pamoja na misafara na kutumika mahali pengi kama fedha. Watu walikiita merikani, na neno hilo lingali katika kamusi zetu. Biashara hiyo ilidorora wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ilipoadimika. Tusisahau pia kwamba sehemu kubwa ya pamba hiyo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Katika eneo hilohilo la viwanda, mjini Central Falls, aliishi Izannah Walker. Tarehe 4 Novemba 1873 alipewa hataza ya kutengeneza wanasesere wa kitambaa. Maelezo yake yanasomeka kama maelekezo ya fundi kwa mwanafunzi wake: tabaka za kitambaa cha pamba hupakwa gundi na kugandamizwa katika kalibu yenye umbo la uso, baada ya kukauka huwekwa tabaka ya pamba laini, halafu kitambaa kinachovutika juu yake, kisha vyote hugandamizwa tena. Mwisho uso hupakwa rangi ya mafuta. Mwanasesere wa kauri wa siku hizo alivunjika akianguka. Huyu alianguka na kuokotwa.

Martha Chase wa Pawtucket, aliyezaliwa mwaka 1851, alichezea mwanasesere wa Walker alipokuwa mtoto. Kuanzia mwaka 1889 hivi alitengeneza wake mwenyewe: kitambaa cha kuvutika kilichotandazwa juu ya uso wenye mwinuko, kikapakwa rangi ya mafuta inayoweza kuoshwa, na nywele zikachorwa kwa brashi nzito. Mumewe alikuwa daktari, na mwaka 1911 kazi hiyo ilichukua njia isiyotarajiwa. Chuo cha wauguzi cha hospitali ya Hartford, jimbo la Connecticut, kilimwomba atengeneze mwanasesere wenye kimo cha mtu mzima ili wanafunzi wajifunzie kumgeuza, kumwosha na kumtandikia mgonjwa. Wanafunzi wakamwita kwa jina la fundi wake, Bibi Chase. Mwanasesere wa kitambaa akawa chombo cha kufundishia.

Ujerumani na Italia

Nchini Ujerumani habari inaanzia kwa Käthe Kruse, aliyezaliwa mwaka 1883. Mwaka 1905 binti yake alitaka mwanasesere, na mumewe, Max Kruse, aliyekuwa mchongaji wa sanamu, alikataa kununua wa dukani kwa kuwa aliwaona ni wagumu na baridi. Mama akatengeneza mwenyewe: taulo iliyojazwa mchanga, na kiazi kikawa kichwa. Kiazi hakikukaa siku nyingi, lakini jambo lenyewe likabaki. Mwaka 1910 wanasesere wake walionyeshwa katika duka kubwa mjini Berlin, na mwaka 1912 alihamishia karakana yake Bad Kösen. Kwa kichwa cha kwanza alichokiuza alifuata umbo la kichwa cha mtoto kinachonasibishwa na François Duquesnoy, mchongaji wa karne ya 17. Kitambaa cha pamba kilishonwa kwa mishono mitatu kisogoni, na uso ukapakwa rangi ya mafuta kwa mkono, mmoja mmoja. Nyuso za Kruse hazicheki wala hazilii. Yeye alishikilia kwamba uso mtulivu humwachia mtoto nafasi ya kuuona wenye furaha leo na wenye huzuni kesho. Mwaka 1925 alishinda kesi dhidi ya kampuni ya Bing iliyokuwa ikiiga wanasesere wake, na mahakama ikakubali kwamba kitu cha kuchezea chaweza kulindwa kama kazi ya sanaa.

Mjini Turin, Italia, kampuni ya Lenci ya Elena König Scavini, iliyoanza mwaka 1919, ilichukua njia nyingine. Ilitumia felti, yaani kitambaa cha sufi kisichofumwa bali kugandamizwa. Felti haina mtande wala mshindio, kwa hiyo huingia katika kalibu na kutoka na sura kamili pasipo mshono. Lakini nyuso za Lenci zina hali yake tayari: macho yanatazama pembeni, midomo imebinuka. Mtoto anapewa mwanasesere aliyekwisha kukasirika au kudeka.

Uso usiosema

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya Kruse. Katika maandishi yake ya mwaka 1907 kuhusu malezi, Rudolf Steiner alieleza mwanasesere wa leso iliyokunjwa: pembe mbili ni miguu, pembe mbili ni mikono, fundo ni kichwa, na matone ya wino ni macho, pua na mdomo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hukamilisha yaliyobaki kwa mawazo yake, na kazi hiyo ndiyo inayomkuza. Waamishi wa Marekani, nao, wanajulikana kwa wanasesere wasio na uso kabisa, na sababu inayotajwa mara nyingi ni katazo la Biblia la kuchonga sanamu.

Wazo hili si geni kwetu. Miongoni mwa Wazaramo, Wakwere, Waluguru na majirani zao wa mashariki mwa Tanzania kuna mwana hiti, kinyago kidogo cha mbao alichopewa mwali alipowekwa ndani. Hana mikono wala miguu. Nywele zake zimechongwa kwa uangalifu, lakini uso umeguswa kidogo tu, au haukuguswa kabisa. Mwali alimwosha, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto. Mwana hiti si wa kitambaa na si wa kuchezea tu, kwa hiyo hatumweki kundi moja na wanasesere wa Kruse. Hata hivyo anathibitisha kwamba uso mtupu si lazima uwe dalili ya ufundi hafifu. Nasi wa nchi za Maziwa Makuu tunawafahamu wasichana wanaobeba mgongoni gunzi la hindi, fungu la maganda makavu ya mgomba au kitambaa kilichofungwa fundo, na kuimba ili mtoto alale. Hakuna jicho hata moja lililochorwa, na mtoto analala.

Uso unaotukana

Upande wa pili wa historia hii ni mchungu. Mwaka 1895 Florence Kate Upton alichapisha mjini London kitabu cha watoto chenye mhusika aitwaye Golliwogg: uso mweusi tititi, macho ya mviringo yaliyozungukwa na weupe, midomo mikubwa, nywele zilizosimama. Sura hiyo ilitokana na maigizo ya wazungu waliojipaka masizi ili kuwadhihaki watu weusi. Ilikuwa rahisi sana kuishona: kitambaa cheusi, vifungo viwili, utepe mwekundu. Viwanda na akina mama wa nyumbani wakaitengeneza kwa wingi, na kampuni moja ya jemu ya Uingereza iliitumia kama nembo tangu mwaka 1910 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Waliomshona hawakudhani wanatukana mtu. Ndivyo dharau inavyorithiwa.

Athari za hayo zilipimwa. Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia Wamarekani Weusi, waliwaonyesha watoto weusi 253, wenye umri wa miaka 3 hadi 7, wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Hawa hawakuwa wa kitambaa, lakini suala ni lilelile. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na wengi wakasema wa kahawia ndiye mbaya. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyobatilisha ubaguzi katika shule za serikali.

Sindano hiyohiyo iliweza pia kujibu. Mwaka 2022 jumba la historia la mjini New York lilionyesha wanasesere weusi walioshonwa kwa mkono katika karne ya 19 na ya 20, wengi wao na wanawake weusi. Walikuwamo watatu wanaonasibishwa na Harriet Jacobs, aliyetoroka utumwa na kuandika kisa chake mwaka 1861. Nyuso nyingi katika maonyesho hayo zilidariziwa kwa utulivu, kila moja na yake, kama watu wanaofahamika.

Maneno na darasa

Katika kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, bandia ni mwanasesere. Leo mwanafunzi akisikia neno hilo hufikiri noti bandia, dawa bandia, meno bandia. Maana ya kitu cha mfano imeingia katika maana ya kitu cha uongo, na mtoto wa bandia amesahauliwa. Lugha haikosi kwa kubadilika, lakini mwalimu anayeijua maana ya kwanza ana somo zima la semantiki mkononi.

Isitoshe, kichwa cha kitambaa ni chombo chepesi cha kufundishia. Wanafunzi wetu wengi wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili hutaja jicho, pua na mdomo, kisha hukwama. Mpe kila mmoja kitambaa, uzi na konzi ya usufi, naye atahitaji utosi, kisogo, paji, nyusi, kope, mboni, shavu, taya na kidevu. Atahitaji pia vitenzi: kutunga uzi, kupiga fundo, kudunga, kushikiza, kupinda, kudarizi, kukaza na kulegeza. Maneno haya hayakai akilini kwa kukaririwa ubaoni. Hukaa pale mkono unapoyahitaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutoka Behnesa hadi Bad Kösen fundi wa kichwa alikabiliwa na maswali mawili. La kwanza, namna ya kuviringisha kitambaa, lilijibiwa kwa soksi, uzi, gundi na felti. La pili, uso useme nini, hujibiwa upya kila mwanasesere anaposhonwa. Kwa hiyo tunawashauri walimu wanaoshona vifaa vyao wasinakili uso wa kwanza wanaouona katika picha. Kama uso hauna budi kusema, useme jambo ambalo mtoto aliyeketi mbele yetu anaweza kulisikia bila kuinamisha kichwa.

Tunawaomba pia wanafunzi wanaokwenda likizo wawaulize bibi zao majina ya wanasesere, ya vijazio na ya mishono katika lugha zao za nyumbani, pamoja na Kiswahili cha mahali hapo. Wayaandike na kuyaleta idarani, maana mengi ya maneno hayo hayajapata kuingizwa katika kamusi yoyote.