Jambiani, Mji wa Mashamba Mawili

Atokaye mjini Unguja kuelekea pwani ya kusini mashariki huiacha nyuma mikarafuu na udongo wake mwekundu, akaingia katika nchi ya maweni, ambayo rutuba yake yote imejificha katika mianya ya mawe. Na huko ndiko iliko Jambiani, iliyojinyosha juu ya mchanga mweupe, vichaka vya uwanda nyuma yake na bahari mbele. Ni rahisi kuidhania nchi ya mafakiri, nami naiona dhana hiyo kuwa ni dhulma kwa watu walioimudu.

Wahadimu, wenyeji wa upande huu, walikuwa raia wa Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga. Baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na karafuu kuwa mali ya kutamaniwa, ardhi njema ya magharibi na ya kati iligeuka milki ya mabwana wa mashamba, wenyeji wakabakia na maweni, ambayo hakuna aliyekuja kuyagombania. Nasaba ya Mwinyi Mkuu ilikoma kutawala mwaka 1873, lakini miji ya Wahadimu iliendelea kuamuliwa na wazee waitwao Watu Wanne, ambao bila idhini yao mgeni hakuweza kujenga wala kulima.

Kilimo cha maweni kina ilimu yake. Mkulima hufyeka kichaka wakati wa kiangazi, akakichoma, akangojea mvua; kisha, kwa kuwa jembe halina nafasi baina ya mawe, hutoboa kwa muo na kutia mtama, uwele, kunde au vipande vya muhogo kila panaposhika udongo, akazungushia bigili ya mawe kuwazuia nguruwe, na baada ya misimu michache akaliacha shamba lirudi kuwa kichaka ili ardhi ipate nguvu tena.

Shamba la pili liko pwani, pale maji yanapotoka, nalo tangu zamani ni la wanawake. Huko walifukia makumbi ya nazi chini ya mawe kwa miezi kadhaa, yakilowa na kuoza, hata yakawa laini. Wakayafukua, wakayaponda kwa magongo, wakaosha usumba na kusokota kamba za vyombo, za vitanda na za kufungia mapaa. Wakati wa bamvua walikwenda mwambani kutafuta pweza, na waume zao wakashughulika na madema na ngalawa.

Basi ulipoletwa mwani wa kulimwa, mbegu zake zikitoka Ufilipino, na kilimo chake kuanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mikono ya kuupokea ilikuwa tayari: wanawake walichomeka vigingi, wakatandaza kamba, wakafunga miche, na fedha za mauzo zikaingia mikononi mwao wenyewe, zikasomesha watoto na kujenga nyumba za mawe. Waume wengi waliojaribu waliiacha kazi hiyo kwa udogo wa bei, na bei bado ni ndogo. Tena kotoni, aina inayolipa zaidi, haivumilii maji yakipata joto kali, hata wakulima wengi wamelazimika kubakia na spinosi, iliyo rahisi. Kwa sababu hiyo wako akina mama, wa Paje na wa Kidoti, wasiokubali tena kuuza mwani mkavu peke yake, bali huusaga na kuutengeneza sabuni, na bei ya sabuni hiyo wanaikata wao.