Kinga ya Likasi: Lori la wasio na lori

LIKASI – Asubuhi mapema, kwenye njia zinazoingia Likasi, utaona kwanza mifuko ya makala, halafu gurudumu, halafu mtu aliyeinama nyuma akisukuma. Baiskeli hiyo, au kinga kama inavyoitwa Katanga, haikutoka dukani ikiwa hivyo. Imetengenezwa kipande kwa kipande, kadiri mfuko wa mwenyewe ulivyoruhusu. Na historia yake ni historia ya mji.

Likasi ilijengwa kwa shaba na reli. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, wakati huo ikiitwa Élisabethville, na mwaka 1913 ikafika Kambove, jirani na Likasi. Mji uliitwa Jadotville mpaka 1966. Miaka hiyo mizigo mizito ilikuwa kazi ya treni na malori ya kampuni. Kinga ilikuwa kwanza ya kumpeleka mtu kazini, kanisani, au kwa jamaa.

Mambo yakageuka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukabomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika hata tani 50,000. Katikati ya hayo, 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa nyumbani kwao, na stesheni ya Likasi ikajaa watu wenye mabunda na watoto, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mji uliozoea treni na mshahara ukabaki na kinga. Iliyokuwa ya kubeba mtu ikawa ya kubeba unga, mihogo, makala, baadaye hata mawe ya madini. Lakini kinga ya kawaida, hata ile ya chuma ya mtindo wa Raleigh, Phoenix au Hero, haikuumbwa kwa mzigo kama huo. Ikabidi iumbwe upya.

Asiye na feza nyingi anaanza na gurudumu la nyuma. Hapo ndipo uzito unapokaa. Kwa kinga za mtindo huo, gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, na hiyo si bahati mbaya. Spoki moja ikilegea, jirani zake zinabeba deni lake, halafu zinakatika zote. Kwa hiyo fundi mzuri anakaza spoki, anazungusha gurudumu, anatazama linavyoyumba, anakaza tena. Kazi hiyo haionekani, lakini ndiyo inayofikisha mzigo sokoni.

Baada ya gurudumu ni kibebeo. Mchomeleaji anaunganisha vipande vya vyuma vya kujengea nyumba, anatia mihimili inayoshuka hadi kwenye ekseli, ili uzito usiangukie fremu peke yake. Kisha uma wa mbele unaongezewa chuma, maana njia ya changarawe inapiga bila kupumzika. Fremu yenyewe inaweza kuwa ya zamani, mradi haina ufa. Rangi ni ya mwisho. Mwenye haraka ya rangi atalala porini na makala yake.

Familia zilizohama zinaijua hesabu hii kuliko wote. Miaka ya 2005 na 2006, na tena karibu na 2013, vita vya Mai-Mai viliwatoa watu wengi katika vijiji vya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililoitwa pembetatu ya kifo. Mahali ambapo gari halifiki, nyumba inahamia juu ya kinga: sufuria, godoro, mtoto, nyanya asiyeweza kutembea. Gurudumu likivunjika hapo, swali si hasara ya makala tena. Swali ni nini kiachwe njiani, na nani abebwe mgongoni.

Na familia ikifika mjini bila shamba, bila kazi, bila ndugu mwenye nafasi, kinga ileile ndiyo mtaji wa kwanza. Kesho yake inaweza kuchota maji ya kuuza, au kubeba mzigo wa mwingine kwa franga kidogo.

Ndiyo maana wazee wakiona kijana anachagua kinga, hawaangalii inavyong'aa. Wanainua nyuma, wanazungusha gurudumu, wananyamaza, wanasikiliza.